Misri, Kushi au Aksumu: vipindi vyako nane vya historia ya kale uvipeleke wapi

Kila mwaka shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza napata swali lile lile kutoka kwa walimu wenzangu wa historia, hasa wanaoanza kazi. Wamekaa na azimio la kazi, wakipiga hesabu wanaona wana vipindi kama nane hivi vya mambo ya kale, yaani wiki nne, vipindi viwili kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, watoto wana miaka 12 mpaka 14, darasani wako 70 na kitu, projekta hakuna, vitabu wanagawana watano watano, sasa waanze na nini? Na karibu wote jibu wanakuwa nalo tayari, Misri. Piramidi, Farao, mumia (zile maiti zilizokaushwa zisioze), basi.

Mi Misri nimeifundisha miaka mingi. Baadaye nikajaribu Kushi, ile dola ya Kerma, Napata na Meroe kwenye Sudan ya leo, halafu nikajaribu Aksumu ya Ethiopia na Eritrea, kwa fomu wani na fomu tuu. Leo nataka niziweke bega kwa bega ili anayepanga aone anachopata na anachokosa kwa kila moja. Na naanza na onyo moja: usijaribu kuzigawa zote tatu sawasawa ndani ya vipindi nane, nimewahi kufanya hivyo na watoto walitoka na majina tu, hawakutoka na kitu kingine.

Kipimo changu ni kimoja. Mtoto wa miaka 13 atapata nini mkononi cha kubishania? Maana ukimpa tarehe na majina ya wafalme atakariri, atajaza kwenye mtihani, Disemba kashasahau. Ila ukimpa kitu ambacho yeye na jirani yake wa dawati wanakiangalia wote wawili na hawakubaliani, hapo ndo anaanza kufanya historia yenyewe.

Mtoto anakuja na nini kichwani

Tuanze hapa maana hapa ndo Misri inaonekana imeshinda mapema. Hakuna mtoto asiyemjua Farao, wa kanisani anamjua kwa jina hilo, wa madrasa anamjua kama Firauni, na Musa wote wanamjua. Huna haja ya kutambulisha mtu. Hata mumia, ukilitaja tu darasa linachangamka kwa sababu neno lenyewe ni ndugu wa mumiani, na hadithi za mumiani wanyonya damu watoto wamezisikia kwa bibi zao, kwa hiyo hapo unaweza kupoteza dakika kumi kwa raha kabisa (mi huwa naziacha zipotee, kujua kwamba neno limesafiri kutoka Uajemi na Uarabuni mpaka kwa bibi yake Tanga nayo ni historia).

Tatizo ni kwamba wanakuja na mengi ambayo sio kweli. Watakwambia piramidi zilijengwa na watumwa, wengine watasema ni wana wa Israeli, wengine wameona video kwenye simu kwamba ni viumbe kutoka sayari nyingine. Kwa hiyo kipindi cha kwanza chote cha Misri ni cha kusafisha. Kuhusu Waisraeli naenda taratibu kwa heshima, namwambia mtoto afungue Kutoka 1:11 asome mwenyewe, ataona imetajwa miji ya Pithomu na Ramesesi, piramidi hamna. Halafu namwambia piramidi kubwa ya Giza ni ya Farao Khufu, kama 2560 KK, na pale pale Giza wamechimba wakakuta kijiji cha wafanyakazi, sehemu za kuokea mikate, mifupa ya mifugo mingi waliyokula, na makaburi ya wajenzi wenyewe karibu na piramidi. Kwenye mifupa ya baadhi yao kuna sehemu zilivunjika zikaungwa vizuri. Hapo namuuliza mtoto, mtumwa asiyethaminiwa anaungwa mfupa na kuzikwa karibu na mfalme? Ni swali zuri, ila limekula kipindi.

Kushi watoto wanadhani hawaijui kabisa. Hapo ndo pana raha, kwa sababu wanaijua ila hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Matendo ya Mitume sura ya 8, yule towashi anayebatizwa na Filipo njiani, alikuwa mtunza hazina wa Kandake malkia wa Kushi. Kandake sio jina la mtu, ni cheo, na nchi yenyewe ni hii ya Meroe. 2 Wafalme 19 kuna Tirhaka mfalme wa Kushi, huyo ndo Taharka, aliyetawala Misri na Kushi kwa pamoja, 690 mpaka 664 KK. Mara ya kwanza nilipowasomea, binti mmoja wa dawati la mbele alinyanyua mkono akasema, "Kwa hiyo hao ni Wasudani?" Nikamwambia ndio, ni mababu wa watu wa huko huko, akakaa akaangalia tena mstari kwenye Biblia yake kama anauona leo. Huo uso siupati kwenye Misri.

Aksumu ina kitu ambacho mbili nyingine hazina. Watoto wa Kiislamu wanajua habari ya Najashi, kwamba mwaka 615 masahaba wa Mtume walipoteswa Makka walivuka bahari wakakimbilia kwa mfalme Mhabeshi, na Jaafar akamsomea Surat Maryam. Huyo ni mfalme wa Aksumu. Na watoto wa Kikristo unawapa Ezana, mfalme aliyepokea Ukristo kwenye miaka ya 330 BK, mapema kabisa duniani kwa mfalme kufanya hivyo. Darasa lenye mchanganyiko, na karibu madarasa yetu yote yako hivyo, siku ya Najashi mtoto wa madrasa ndo anakuwa mwalimu na wengine wanamsikiliza. Nimeshuhudia kijana mkimya sana, alikuwa hajawahi kufungua mdomo muhula mzima, akasimama akasimulia dakika tano bila kukatika.

Kitu cha kushika na kubishania

Misri kwa wingi wa vitu haina mpinzani, hilo nakubali. Kuna vitu viwili nisingependa mtoto yeyote avikose. Cha kwanza ni shajara ya Merer. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yalikutwa mafunjo (karatasi za kale za matete) yaliyoandikwa na bwana mmoja anaitwa Merer, mnyapara wa kundi la watu kama 40, enzi za Khufu mwenyewe. Ameandika kazi zake, leo tumepakia mawe ya chokaa Tura, leo tumesafiri kwa mashua, leo tumelala kituo fulani, tumefika Giza. Ni kama daftari la dereva wa lori. Nikiwaeleza hivyo watoto wanaelewa papo hapo, halafu nawapa kazi waandike shajara ya siku tatu kama Merer, na zinatoka nzuri maana hakuna mfalme wala miungu humo, ni kazi na uchovu na chakula.

Cha pili ni mgomo wa mafundi wa makaburi ya wafalme, Deir el-Medina, mwaka wa 29 wa Ramesesi III, kama 1157 KK. Posho yao ilikuwa nafaka, ikachelewa, wakaweka zana chini wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu wakisema wana njaa, na karani akaandika yote, ndo mgomo wa kwanza duniani tunaoujua kwa maandishi. Watoto wenye wazazi wafanyakazi wanaushika huu mara moja.

Halafu kuna kipimo cha uwanjani ambacho hakina gharama. Piramidi ya Khufu upande mmoja wa chini una kama mita 230. Chukua kamba ya katani ya mita 10, watoto wanaipima mara 23 kwa mstari mmoja wakihesabu kwa sauti. Shuleni kwetu uwanja wa mpira ulikwisha kwenye kamba ya 10, wakaingia kwenye shamba la shule la mahindi, wakapita mabanda ya kuku, na kamba ya 23 ikaishia karibu na mwembe wa nyumba ya mwalimu wa zamu. Wakageuka kuangalia walikotoka. Nikawaambia huo ni upande mmoja, pande ziko nne, na juu ilienda mita 146. Walinyamaza kwa muda.

Sasa Kushi. Vitu ni vichache ila kuna kimoja kinabeba somo zima. Nasoma kwanza Luka 2, ile ya Krismasi, amri ilitoka kwa Kaisari Augusto, wanaijua wote hata Waislamu wameisikia redioni. Halafu naonyesha picha niliyoichapisha kwenye karatasi ya A3, kichwa cha shaba cha huyo huyo Augusto, kikubwa kuliko cha mtu wa kawaida, macho yake ya kioo na mawe bado yanakodoa. Nawaambia kimechimbwa Meroe, Sudan, mwaka 1910, mbali kabisa na mpaka wa Roma, na kilikuwa kimefukiwa chini ya ngazi za kuingilia jengo, tena shingoni kimekatwa. Basi, sisemi zaidi. Nauliza tu, kilifikaje huko na kwa nini mtu akifukie hapo?

Hizo dakika ishirini zinazofuata ndo sababu naandika makala hii. Mmoja atasema kimeibiwa. Mwingine atasema wamekificha adui asikione. Mwingine atasema ni zawadi, na hapo wenzie watamrukia, zawadi gani unaikata shingo? Mwaka jana kijana mmoja wa nyuma alisimama, akaweka daftari lake sakafuni mlangoni akalivuka, akasema, "Ili kila anayeingia amkanyage." Darasa zima likalipuka. Na wataalamu wengi ndivyo wanavyoelezea.

Baada ya hapo ndo natoa simulizi. Roma ilishaiteka Misri mwaka 30 KK, na kama 25 KK jeshi la Kushi likashambulia mpakani, Aswan na Philae, wakaondoka na sanamu za Kaisari. Mwandishi Mgiriki Strabo, aliyeishi enzi hizo hizo, anamtaja Kandake kama mwanamke mkakamavu mwenye chongo. Wanahistoria wanamtambua kuwa ni Amanirenas. Waroma wakajibu wakaharibu Napata, na mwisho wakakaa mezani, na Augusto akafuta kodi aliyokuwa ameidai. Sasa muulize mtoto, hii habari tumeipata kwa nani? Kwa upande wa Roma. Upande wa Kushi unasema nini? Kuna jiwe la maandishi lililokutwa Hamadab karibu na Meroe lenye jina la Amanirenas mwenyewe, limeandikwa Kimeroe, ila lugha yenyewe sehemu kubwa bado haijaeleweka. Kwa hiyo ushahidi wa Kushi unaoongea wazi ni hicho kichwa chini ya ngazi. Mtoto akielewa hilo, kwamba anayeandika ndiye anayesikika na kwamba kitu kilichofukiwa nacho kinaweza kujibu, ameshapata kitu cha kumtosha maisha yake yote ya kusoma historia.

Kushi ina kingine cha mkononi, mavi ya chuma. Meroe kuna malundo makubwa ya mavi ya chuma yaliyobaki kwenye uyeyushaji wa karne nyingi. Na sisi tunayo. Walio Kagera wanajua habari za Wahaya na wahunzi wao wa kama miaka 2,000 iliyopita, walio Rukwa wana tanuru za Wafipa zinazoitwa malungu, nyingine bado zimesimama. Mwalimu wa maeneo hayo anaweza kuleta kipande halisi darasani, kizito, kina matundu matundu, watoto wanakipitisha mkono kwa mkono. Kama huko uliko hakuna, mwite mhunzi wa sokoni aje na mivukuto yake, atakuja kwa nauli na soda. Angalizo tu hapa, notsi nyingi za zamani zinasema ujuzi wa chuma ulitoka Meroe ukasambaa Afrika nzima. Usilifundishe hilo kama jambo lililothibitika, wanaakiolojia wengi hawalikubali tena, na ni swali zuri la mjadala lenyewe.

Na farasi! Nilitaka nisahau. Mfalme Piye alipoiteka Misri kama 727 KK aliandika ushindi wake kwenye jiwe, na humo anaeleza alivyokasirika alipokuta farasi wa mji aliouzingira wameshindishwa njaa. Makaburini el-Kurru wamekuta farasi 24 wamezikwa. Mtoto wa mfugaji ukimsimulia hii umempata.

Aksumu kitu chake ni sarafu, na ni somo la kipindi kimoja safi kabisa. Waambie kila mmoja aje na shilingi 100, wasiokuwa nayo washirikiane. Wanachunguza, kuna nani, kuna mnyama gani, kuna maandishi gani, nani kaamua viwekwe. Halafu unawachorea ubaoni sarafu mbili za Ezana, zote zina kichwa cha mfalme kati ya masuke mawili ya ngano, ila moja juu ina mwezi mwandamo na duara, nyingine ina msalaba. Unauliza kilichotokea katikati ni nini. Wataipata wenyewe bila wewe kusema neno Ukristo. Hakuna andalio la somo rahisi kama hili, chaki tu na hela ya chenji.

Kuna pia ile minara ya mawe. Mmoja wa mita 24, uzito kama tani 160, Waitaliano waliubeba wakausimamisha Roma mwaka 1937, ukarudi Aksumu 2005 na kusimamishwa tena 2008. Mkubwa kuliko wote, kama mita 33, ulianguka zamani na bado umelala vipande vipande. Unaweza kulaza watoto chini uwanjani mmoja mmoja kichwa kwa miguu mpaka mita 24 zitimie, wanafika 15 au 16 hivi, nguo zinachafuka lakini hawasahau. Na kwa sisi wa pwani kuna uzi unaotugusa, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK unataja bandari ya Adulis iliyokuwa ya Aksumu, na kwenye pwani hii hii yetu unataja mji wa Rhapta, soko la mwisho kusini, kunakouzwa pembe za ndovu. Rhapta ilikuwa wapi hasa watu wanabishana mpaka leo, wengine wanaiweka Rufiji.

Maandishi

Hapa Aksumu inashinda kwa mbali na sababu ni Kiswahili chetu wenyewe. Maandishi ya Misri yanaandika konsonanti, irabu zinaachwa, kwa hiyo Juma na Jema wanafanana, watoto wanapata tabu na wanaona ni kuchora picha tu. Kimeroe kina alama 23, na konsonanti inakuja na "a" yake ndani, kwa hiyo "baba" ni alama mbili, hiyo watoto wanaipenda. Ila Kigeezi cha Aksumu, herufi mama 26, kila moja ina maumbo saba kufuatana na irabu, hiyo ni ba be bi bo bu ya darasa la kwanza! Mtoto wetu aliyejifunza kusoma kwa silabi anaelewa mfumo wake ndani ya dakika tano. Na bado uko hai, Kiamhari na Kitigrinya vinaandikwa hivyo mpaka leo. Mi huchapisha jedwali moja nabandika ukutani, wanaandika majina yao kwenye manila kwa maka peni, darasa linapendeza muhula mzima.

Lakini Kimeroe kina kitu cha kumwambia mtoto mwenye akili ya kuchimba. Mwingereza Griffith alishapata sauti za herufi kama 1911, tunaweza kusoma kwa sauti, ila maana ya maneno mengi hakuna anayeijua. Wanajua machache, mfano "qore" ni mfalme na "ato" ni maji. Naliandika ubaoni neno, tunalisoma wote kwa sauti, halafu nawaambia hakuna mtu duniani anayejua tumesema nini. Kuna kazi inakusubiri. Nawaangalia macho.

Miaka na mkanganyiko wake

Popote utakapoanza, KK itakusumbua, mtoto haelewi kwa nini 2560 ni zamani kuliko 727. Dawa yangu ni kamba ya kuanikia nguo na vibanio, mita moja ni miaka 1,000. Khufu anakaa mwanzo, leo iko mita 4.6 mbele yake. Uhuru wa Tanganyika 1961 unakaa sentimita 6 hivi kutoka mwisho. Sasa mbandike Amanirenas. Kutoka kwa Khufu mpaka kwake ni mita mbili na nusu, kutoka kwake mpaka kwetu ni mita mbili na kidogo. Yaani huyo malkia wa kale yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na piramidi. Ukifundisha Misri peke yake, "zamani" yote inakuwa tope moja, Khufu na Ramesesi wanaonekana kama waliishi mtaa mmoja. Kushi inaikunjua kamba yote, kuanzia Kerma mpaka Ezana.

Picha, bando na muda wako

Misri utapata kila kitu bure, picha, ramani, video, ila kuchuja uongo ni kazi kweli kweli. Aksumu picha zipo za kutosha. Kushi ni ngumu zaidi, nenda kwenye tovuti za makumbusho makubwa, pakua mara moja ukiwa na waifai, uchapishe, ziweke kwenye bahasha mwaka hadi mwaka. Watoto wakikuuliza kama wanaweza kwenda kuona, waambie ukweli, Sudan iko vitani tangu Aprili 2023 na makumbusho ya taifa ya Khartoum yameporwa. Waambie pia kwamba Meroe kuna piramidi zaidi ya 200 na nyingi hazina vichwa, baadhi ni kwa sababu mwaka 1834 Mwitaliano Ferlini alizibomoa akitafuta dhahabu. Mimi kwenye hilo naumia na siwafichi watoto kwamba naumia.

Kuhusu lugha, mnaofundisha kwa Kiingereza, mjadala uacheni uende kwa Kiswahili, kuandika ndo waandike Kiingereza. Ukimlazimisha fomu wani wa Februari abishane kwa Kiingereza kuhusu kichwa cha Augusto, watakaobishana ni watoto watatu tu, hao hao kila siku.

Sasa uchague nini

Kama una vipindi nane kamili chukua Kushi iwe uti wa mgongo. Sababu sio kwamba ni bora kuliko nyingine, ni mahali ilipokaa. Kushi huwezi kuisimulia bila Misri, kwa sababu Misri iliiteka kama 1500 KK na baadaye Kushi ikageuka ikaitawala Misri kwa miaka kama 70, na huwezi kuimaliza bila Aksumu kwa sababu Ezana mwenyewe ameandika juu ya vita vyake huko. Kwa hiyo ukiwa umesimama Meroe unawaona majirani wote wawili. Ukisimama Giza unajiona mwenyewe tu.

Mpango wangu unakwenda hivi, kipindi cha kwanza kamba ya miaka na ramani ya Nile, cha pili kupima piramidi uwanjani na Merer, hapo Misri wameipata. Cha tatu Kerma na kutekwa, cha nne Piye na farasi wake na Taharka. Cha tano na cha sita ni kichwa cha Augusto, usikibane kwenye kipindi kimoja, naomba sana, kimoja cha kubishana na kingine cha kuandika na kulinganisha na Strabo. Cha saba chuma au Kimeroe kutegemea una nini mkononi. Cha nane sarafu za Ezana.

Kama darasa lako ni zito kwa kusoma na unataka waandike sana, au shule ina maktaba na intaneti ya uhakika, Misri itakulipa zaidi, ila basi ifundishe kupitia Merer na wale mafundi wa mgomo, mumia ziweke kwenye dakika kumi za mwisho. Kama una vipindi vitatu tu, au darasa lina mvutano wa kidini ambao umekuwa unausikia kwenye korido, chukua Aksumu bila kufikiri mara mbili, sarafu siku ya kwanza, Najashi siku ya pili, ba be bi bo bu siku ya tatu.

Na kama una kipindi kimoja, mwalimu mkuu kakupigia asubuhi umshikie mwenzako darasa lake, huna hata andalio, chapisha kile kichwa. Kama printa imekufa kichore ubaoni, shingo iliyokatwa, macho makubwa, na ngazi tatu juu yake. Geuka uwaulize.